Kuchagua ukaguzi wa virusi kwa seva ya barua pepe unayoiendesha mwenyewe

Ukishafunga Postfix (inayopokea na kutuma barua) na Dovecot (inayowafungulia watumiaji masanduku yao), DNS ikakaa sawa na barua zikaanza kuingia, swali la antivirasi huja lenyewe. Mara nyingi huulizwa hivi: "Ipi ni bora?" Kwa maoni yangu swali hilo lije la pili. La kwanza ni hili: ukaguzi ufanyike wapi katika safari ya barua, na barua ikikutwa na kirusi ifanywe nini? Seva iliyojibu hayo vizuri ikiwa na ClamAV, antivirasi ya bure, itawalinda watu wake kuliko seva yenye injini ya kulipia iliyowekwa mahali pabaya.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye seva ya Linux ya ofisi, shule, SACCOS au zahanati, ambaye ndiye anayepigiwa simu kitu kikiharibika. Mifano ni ya Debian na Postfix. Ukitumia mfumo mwingine, mantiki ni ileile na njia za faili ndizo zitakazobadilika.

Hatua ya 1: Angalia RAM kabla ya kitu kingine chochote

ClamAV hupakia saini zake zote, yaani alama za kutambulia virusi vinavyojulikana, kwenye RAM. Huduma yake inayokaa macho muda wote, clamd, peke yake hula zaidi ya GB 1. Saini mpya zikishuka, hupakia seti mpya wakati ile ya zamani bado inafanya kazi, kwa hiyo kwa muda mfupi mahitaji yanakaribia mara mbili. Waundaji wenyewe wanashauri mashine yenye GB 3 au zaidi. Kwenye seva ya kukodi ya GB 2, hapo ndipo Linux inapoanza kuua michakato ili kujiokoa, na huenda ikaua hifadhidata yako badala ya clamd.

Kama RAM ni finyu, una njia kadhaa. Unaweza kuandika `ConcurrentDatabaseReload no` katika `/etc/clamav/clamd.conf`: clamd itatupa saini za zamani kabla ya kupakia mpya, na ukaguzi utasimama kidogo kila saini zinapobadilishwa. Kwa ofisi ndogo hilo halina madhara, maana barua husubiri tu, mradi umeweka mpangilio wa hatua ya 7. Unaweza pia kuiweka clamd kwenye mashine nyingine na kuifikia kwa mtandao kupitia poti 3310. Ukifanya hivyo, poti hiyo ibaki ndani ya mtandao wako binafsi. clamd haiulizi nenosiri, na yeyote anayeifikia anaweza kuitumikisha au hata kuizima.

Njia ya tatu ni kuacha injini kabisa na kutegemea kuzuia aina za faili, jambo nitakaloeleza katika hatua ya 5. Usidhani huo ni uzembe. Kuna vifurushi vinavyofunga seva nzima ya barua kwa pamoja: Mail-in-a-Box haiji na antivirasi. docker-mailserver huja na ClamAV ikiwa imezimwa mpaka uiwashe mwenyewe. mailcow hukuruhusu kuizima kwa `SKIP_CLAMD=y`. Watu wanaojenga vifurushi hivi wanajua kuwa seva inayoanguka kila usiku kwa kukosa RAM haimlindi mtu.

Hatua ya 2: Amua barua ikaguliwe lini

Hapa ndipo penye uzito wote, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Barua inaweza kukaguliwa wakati seva ya mtumaji bado iko kwenye mazungumzo na seva yako, kabla Postfix haijasema "nimepokea". Au inaweza kupokelewa kwanza, ikaingia kwenye foleni, ndipo ikakaguliwa. Tofauti inaonekana ndogo, lakini inaamua nani anabeba mzigo wa barua mbaya.

Ukikagua kabla ya kupokea, ukakuta kirusi, unajibu kwa msimbo wa 5xx, yaani kukataa moja kwa moja, na habari imekwisha. Barua hujawahi kuimiliki. Kama mtumaji ni mtu halali ambaye kompyuta yake imeambukizwa, seva yake mwenyewe itamjulisha kwamba barua imekataliwa. Kama mtumaji ni roboti, roboti haina habari na inaendelea na mambo yake. Hakuna mtu wa tatu anayesumbuliwa.

Ukikagua baada ya kupokea, barua ni yako, na chaguo zote zilizobaki zina kasoro. Ukiitupa kimya, siku injini itakapokosea na kutupa ankara halali, hakuna atakayejua. Ukiiweka karantini, lazima awepo mtu wa kuipitia kila siku, na katika ofisi nyingi mtu huyo hayupo. Ukimrudishia mtumaji taarifa, unaipeleka kwa mtu ambaye huenda hakutuma chochote, kwa sababu virusi vya barua pepe hughushi anwani ya mtumaji. Dunia ililiona hili waziwazi Sobig.F ilipoenea Agosti 2003 na MyDoom Januari 2004: seva nyingi zilituma mamilioni ya taarifa za "umetutumia kirusi" kwa watu wasiohusika, na taarifa zenyewe zikawa balaa la pili. Leo seva yenye tabia hiyo huingizwa kwenye orodha za kuzuiwa, na barua zako za kawaida zinaanza kukataliwa na Gmail na wengine.

Kwa hiyo tumia milta, yaani kichujio ambacho Postfix hukiuliza kabla ya kukubali barua. Rspamd, programu ya kuchuja barua taka, hufanya kazi hivyo. clamav-milter nayo ni milta, na inatosha kama huhitaji uchujaji wa barua taka. Amavis, programu nyingine ya kuchuja, kwa mpangilio wake uliozoeleka, hupokea barua kutoka kwenye foleni kupitia poti 10024 na kuirudisha kupitia 10025. Ni programu ya kuaminika na bado iko kwenye seva nyingi, zikiwemo za kifurushi cha iRedMail. Ukiwa nayo, hakikisha imezuiwa kabisa kumwandikia mtumaji wa nje inapokuta kirusi.

Anayeanza leo, ushauri wangu ni Postfix, Rspamd na clamd.

Hatua ya 3: Chagua injini

ClamAV ilianza mwaka 2002, ni huria, na leo inatunzwa na Talos, kitengo cha usalama cha Cisco. Nguvu yake ni kwamba imejengwa kwa ajili ya barua: inafungua zip ndani ya zip, inasoma PDF na nyaraka za Office, na kila programu ya barua inajua kuzungumza nayo. Udhaifu wake useme wazi kwa bosi wako kabla hajauliza: kirusi kilichotengenezwa asubuhi hii kinaweza kupita mpaka saini yake itoke. Hakuna injini isiyo na tatizo hilo, ila za kulipia kwa kawaida hufupisha muda huo.

Ukiwaza kununua, angalia kwanza kama kampuni bado inauza na kutunza toleo la Linux, na kama Rspamd au Amavis inaweza kuiita. Soko hili limepungua sana. F-Prot, iliyopendwa na wasimamizi wengi wa seva, ilifungwa mwaka 2021, na kampuni ya Cyren iliyokuwa ikiimiliki ikafilisika mwaka 2023. Sophos nayo iliacha antivirasi yake ya zamani ya Linux mwaka 2023. Kaspersky imepigwa marufuku kuuzwa Marekani tangu 2024, jambo la kuzingatia kama shirika lako linapokea fedha au ukaguzi kutoka huko. Mkataba wa miaka mitatu usiusaini kabla ya kuijaribu programu kwenye seva yako kwa barua zako.

Kuna pia huduma za mtandaoni, ambapo barua hupita kwanza kwa kampuni ya nje. Zinakuondolea mzigo wa RAM na saini, lakini kila barua ya mteja wako inasomwa nje ya seva yako, na mara nyingi nje ya nchi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya 2019, na zote zina masharti juu ya kupeleka taarifa za watu nje ya mipaka. Zahanati inayotumiana majibu ya vipimo kwa barua pepe isilipite jambo hili.

Kwa sababu hiyohiyo, usiunganishe seva yako na VirusTotal, huduma ya mtandaoni ya kukagua faili, kwa namna inayopakia viambatisho vyote. Faili ikishapakiwa huko, wateja wa kulipia wa huduma hiyo wanaweza kuipakua. Kuuliza kwa hashi ya faili (alama fupi inayokokotolewa kutoka kwenye faili) peke yake hakutoi yaliyomo, ingawa mgawo wa bure ni maswali 4 kwa dakika na hauruhusiwi kwa kazi ya biashara.

Hatua ya 4: Funga na unganisha

Anza na clamd na freshclam, ambayo kazi yake ni kuleta saini:

```
apt install clamav-daemon clamav-freshclam
```

Mara ya kwanza itashusha mamia ya megabaiti. Baadaye ni vipande vidogo tu. Usijaribu kuharakisha kwa kushusha faili za saini kwa curl au wget, kwa kuwa seva za ClamAV huzuia hilo. Kama una seva nyingi kwenye intaneti moja, weka kioo chako cha ndani, yaani nakala ya saini ambayo seva zako zote zitachukulia hapo, kwa kutumia programu ya cvdupdate. clamd haitaamka mpaka saini ziwepo, kwa hiyo ukiona imekataa kuwaka dakika za mwanzo, subiri freshclam imalize ndipo uiwashe tena.

Kisha mwambie Rspamd iko wapi, katika `/etc/rspamd/local.d/antivirus.conf`:

```
clamav {
  type = "clamav";
  servers = "/var/run/clamav/clamd.ctl";
  symbol = "CLAM_VIRUS";
  action = "reject";
  scan_mime_parts = true;
  max_size = 20000000;
}
```

Na katika `main.cf` ya Postfix:

```
smtpd_milters = inet:localhost:11332
non_smtpd_milters = inet:localhost:11332
```

Linganisha `max_size` na kikomo cha ukubwa wa barua cha Postfix na vikomo vya clamd vyenyewe. Kama seva inapokea barua za MB 50 lakini ukaguzi unaishia MB 20, mwenye nia mbaya anahitaji tu kuongeza uzito wa faili yake.

Ukikutana na maelekezo ya zamani yanayotumia `clamscan` kwa kila barua, yaache. Amri hiyo hupakia saini zote upya kila inapoitwa, na barua kumi zikija kwa pamoja seva itakwama.

Hatua ya 5: Zuia aina za faili

Ungenilazimisha kuchagua ulinzi mmoja tu, ningechagua huu, kwa sababu hausubiri saini. Hakuna mhasibu anayehitaji kupokea faili ya `.exe` kwa barua pepe. Gmail yenyewe haiipokei, hata ikiwa imefichwa ndani ya zip, kwa hiyo watumaji wamekwishazoea.

Orodha ibadilike kadiri wahalifu wanavyobadilika. Kwa miaka mingi wasambazaji wa virusi kama Emotet walitumia nyaraka za Word zenye makro, yaani amri zinazojiendesha ndani ya waraka. Mwaka 2022 Microsoft ilianza kuzuia makro za faili zilizotoka kwenye intaneti, na wahalifu wakahamia kwenye picha za diski za `.iso` na `.img` na njia za mkato za `.lnk`. Mwanzoni mwa 2023 wakaongeza faili za OneNote, `.one`. Tangu hapo viambatisho vya `.html` vinavyojenga kirusi ndani ya kivinjari vimekuwa kero ya kudumu.

Katika `local.d/multimap.conf`:

```
FAILI_HATARI {
  type = "filename";
  filter = "extension";
  map = "/etc/rspamd/local.d/faili_hatari.map";
  action = "reject";
}
```

Ndani ya faili ya orodha, andika kiambishi kimoja kila mstari: exe, scr, com, pif, bat, cmd, js, jse, vbs, vbe, wsf, hta, lnk, jar, ps1, msi, iso, img, vhd, one. Rspamd husoma pia majina yaliyomo ndani ya zip na rar, jambo ambalo `mime_header_checks` ya Postfix haiwezi.

Kuhusu `.html`, zungumza na watu wako kwanza. Taasisi nyingine hutuma ankara kwa muundo huo. Afadhali uiongezee alama za barua taka badala ya kuikataa. Nyaraka zenye makro, `.docm` na `.xlsm`, nazo ziulizie: idara ya fedha inaweza kuwa na jedwali moja la zamani linalotegemea makro, na utajua siku ya mishahara.

Halafu kuna faili zenye nenosiri. ClamAV haiwezi kuona ndani ya zip iliyofungwa, na wahalifu wanalijua hilo: hufunga kirusi na kuandika nenosiri kwenye barua yenyewe. Unaweza kuwasha `AlertEncryptedArchive yes` katika clamd.conf. Rspamd itaipa barua hiyo alama yake ya pekee, `CLAM_VIRUS_ENCRYPTED`, nawe unaamua iwe na uzito gani. Lakini chunga sana usiwashe `AlertEncryptedDoc` kwa mkumbo. Hiyo inagusa PDF zenye nenosiri, na taarifa za benki pamoja na za M-Pesa hutumwa kwa namna hiyohiyo. Ukianza kuzikataa, watu watapoteza imani na seva yako ndani ya wiki, na watarudi kutumia anwani zao binafsi kwa kazi za ofisi.

Hatua ya 6: Saini za ziada, kama unazihitaji

Sanesecurity hutoa saini za bure za ClamAV zinazolenga ulaghai wa barua pepe na makro mbaya. SecuriteInfo ya Ufaransa ina za kulipia, na za bure zinazochelewa. Fangfrisch ni programu nyepesi ya kuzishusha zote kwa ratiba. Chukua seti chache zenye makosa machache kwanza, kisha soma logi kwa wiki mbili kabla ya kuongeza. Kumbuka kwamba saini za ulaghai hutafuta maandishi ya barua nzima, kwa hiyo `scan_mime_parts` ibadilishwe kuwa `false`, na kwamba kila seti inaongeza RAM.

Hatua ya 7: Amua kitakachotokea ukaguzi ukizimika

Siku moja clamd itakufa. Barua ipite bila kukaguliwa, au isubiri? Kwa kawaida ClamAV isipojibu, Rspamd huweka alama ya `CLAM_VIRUS_FAIL` na kuiachia barua. Mimi napendelea isubiri. Barua pepe imetengenezwa kwa kusubiri: seva ya mtumaji ikipewa jibu la 4xx itajaribu tena, kwa kawaida kwa siku kadhaa. Weka hivi katika `local.d/force_actions.conf`:

```
rules {
  CLAMAV_HAIJIBU {
    expression = "CLAM_VIRUS_FAIL";
    action = "soft reject";
  }
}
```

Sharti lake ni uwe na kitu cha kukuamsha clamd ikifa, hata kama ni skripti ndogo inayokutumia ujumbe wa simu. Bila hicho, ofisi itakaa siku nzima bila barua na hakuna atakayejua sababu. Postfix nayo ina `milter_default_action`, inayohusu Rspamd yenyewe ikizimika. Kwa asili imewekwa `tempfail`, na iache hivyo.

Hatua ya 8: Jaribu kutoka nje

Faili ya EICAR ni maandishi ya herufi 68 yasiyo na madhara, ambayo kila antivirasi imekubali kuyaita kirusi. Ishushe kutoka tovuti ya EICAR, kisha itume kwa swaks, programu ya kujaribu seva za barua, kutoka mashine iliyo nje ya mtandao wako:

```
swaks --to wewe@mfano.co.tz --server mail.mfano.co.tz --attach @eicar.com
```

Usiitume kwa Gmail, itazuiwa hukohuko na hutajifunza kitu. Kampuni nyingi za intaneti za nyumbani hufunga poti 25 ya kutoka, hivyo utahitaji seva nyingine ya kukodi. Kiambishi cha `com` kimo kwenye orodha yako, kwa hiyo jaribio hili linapima kizuizi cha aina za faili. Ibadilishe jina iwe `eicar.txt` uitume tena: safari hii jibu la 554 linatakiwa litoke kwa ClamAV, likiwa na neno Eicar ndani yake. Kisha ifunge kwenye zip, na zip ndani ya zip. Mwisho simamisha clamd kwa makusudi na utume barua ya kawaida yenye kiambatisho, uone jibu la 4xx kwa macho yako.

Rudia majaribio hayo kupitia poti 587 au 465 ukiwa umeingia kama mtumiaji. Barua zinazotoka zinahitaji ukaguzi kama zinazoingia, kwa kuwa akaunti moja iliyoibiwa nenosiri inatosha kuharibu sifa ya anwani yako ya IP kwa wiki nyingi. Ukiona EICAR imepita hapo, fungua `master.cf`: mara nyingi utakuta mstari wa `-o smtpd_milters=` ulioachwa wazi chini ya submission, unaofuta milta zote kwa watumiaji wako.

Sasisha mkaguzi mwenyewe

Programu inayofungua kila faili kutoka kwa kila mgeni duniani ni shabaha nzuri. Februari 2023 ClamAV ilirekebisha kasoro ya CVE-2023-20032, iliyoruhusu faili ya picha ya diski ya HFS+ kuendesha msimbo ndani ya seva inayoikagua. Mwezi Mei mwaka huohuo kampuni ya Barracuda ilitangaza kwamba vifaa vyake vya kuchuja barua vilikuwa vikivamiwa tangu Oktoba 2022 kupitia viambatisho vya tar, na wateja walioathirika wakaambiwa wabadilishe vifaa kabisa.

Kwa hiyo kaa kwenye toleo la ClamAV lenye utunzaji wa muda mrefu. Saini zikiwa mpya lakini programu yenyewe ni ya zamani, nusu ya kazi haijafanyika, na tawi likishafungwa hata saini zitaacha kushuka. Washa masasisho ya usalama ya kujiendesha ya Debian, clamd iendeshwe na mtumiaji wake asiye na mamlaka, isiwe root, na kila Jumatatu pitisha jicho kwenye `/var/log/clamav/freshclam.log` uone tarehe ya saini za mwisho.